Mwili Mbele ya Dola: Jinsi Sanaa ya Utendaji Inavyogeuka Kuwa Upinzani

Tarehe 10 Mei 1979, siku ambayo Rais Josip Broz Tito wa Yugoslavia alikuwa akipita Zagreb kwa msafara wa magari, msanii Sanja Iveković alikaa kwenye roshani ya nyumba yake, juu ya barabara ya msafara, akiwa na kitabu na glasi ya wiski. Baada ya muda akaanza kujifanya kama mtu anayejistarehesha kimwili. Waliokuwa barabarani hawakuweza kumwona kwa sababu ukuta wa roshani ulimkinga. Aliyeweza kumwona ni mtu mmoja tu, aliyesimama juu ya paa la jengo refu la mkabala, ambaye Iveković alikisia kuwa ni mlinzi wa usalama mwenye darubini na simu ya upepo. Dakika 18 baadaye kengele ya mlango ililia, na askari polisi akaamuru kwamba watu na vitu viondolewe kwenye roshani. Kazi hiyo, ambayo msanii aliiita Pembetatu, imebaki katika picha nne na maelezo mafupi.

Kwa mtazamo wa haraka, siku ile hapakutokea jambo. Hapakuwa na bango, hotuba wala matusi, na msafara ulipita salama. Hata hivyo, ndani ya dakika zile 18 dola ilikiri kwa vitendo kwamba inachungulia majumbani mwa watu, kwamba macho ya juu ya paa na askari wa barabarani ni mwili mmoja, na kwamba mwanamke asiyetoa hata neno anaweza kuhesabiwa kuwa tishio kwa heshima ya kiongozi. Iveković alitunga nusu ya kwanza ya tukio, nusu ya pili ikakamilishwa na polisi, na kama kengele isingelia, pembetatu ingebaki na pembe mbili. Ikumbukwe kwamba Yugoslavia ya wakati huo haikuwa nchi kali kuliko zote za Ulaya Mashariki, na pengine ndiyo sababu jaribio la namna hii liliwezekana na msanii akabaki huru kulisimulia.

Sanaa ya utendaji ni sanaa ambayo kazi yenyewe ni kitendo kinachofanywa na mwili wa msanii, mahali fulani na kwa muda fulani, na kitendo kikiisha hakibaki kitu cha kutundikwa ukutani isipokuwa picha, video au masimulizi ya walioshuhudia. Inafanana na tamthilia kwa kuwa yupo anayetenda na yupo anayetazama, lakini mwigizaji anayechomwa kisu jukwaani huinuka pazia linapofungwa, wakati msanii anayejishona midomo kwa sindano amejishona kweli na damu ni yake. Inafanana pia na maandamano, kwa kuwa mara nyingi hutokea hadharani bila kibali. Tofauti ni kwamba maandamano hutoa dai linaloeleweka papo hapo, mshahara uongezwe au waziri ajiuzulu, ilhali kazi ya sanaa huiacha maana yake wazi na kumlazimu kila mtazamaji, askari akiwamo, aitafute mwenyewe. Uwazi huo ndio unaoipa nguvu ya pekee chini ya utawala wa kimabavu, na ndio huohuo unaoifanya iwe rahisi kupuuzwa kama vituko vya watu wachache wa mjini.

Nguvu hiyo haieleweki bila kukumbuka kwamba tawala za kimabavu zenyewe ni mabingwa wa maonyesho. Gwaride, picha ya kiongozi katika kila ofisi, makofi yasiyokoma mikutanoni na uchaguzi ambao matokeo yake yanajulikana mapema ni michezo ambayo wananchi wote wamepewa sehemu ya kuigiza. Mtafiti Lisa Wedeen, aliyechunguza utukuzwaji wa Hafez al-Assad nchini Syria, alionyesha kwamba utawala ule haukuhitaji raia waamini sifa zilizopitiliza alizopewa kiongozi wao. Uliwataka watende kana kwamba wanaamini, na kila aliyetenda hivyo akawa amemthibitishia jirani yake kwamba hakuna njia nyingine. Utii wa namna hii hukaa mwilini hata pale usipokaa moyoni: katika kusimama, kupiga makofi, kushusha macho, kunyamaza. Ndiyo maana msanii anayetumia mwili wake hahitaji kuifuata dola mbali, kwani tayari yumo katika uwanja ambao dola inafanyia kazi kila siku.

Zaidi ya hapo, serikali nyingi za aina hii hutaka kuonekana kwamba zinafuata sheria, na hapo ndipo mtego hutegwa. Kumkamata mtu kunahitaji kosa lenye jina, hati ya mashtaka na askari wa kueleza alichokiona. Nchini Poland, baada ya sheria ya kijeshi kutangazwa Desemba 1981, mamlaka zilikuwa zikizifuta kaulimbiu za upinzani kwa kuzipaka rangi, na kuta zikabaki na mabaka yaliyomkumbusha kila mpita njia kwamba hapo palikuwa na neno. Katika mji wa Wrocław, kuanzia mwaka 1982, Waldemar Fydrych na wenzake, waliokuja kujulikana kama Mbadala wa Rangi ya Chungwa, walichora juu ya mabaka hayo vijitu vya hadithi za watoto vyenye kofia ndefu. Baadaye vijitu vilishuka mitaani. Siku ya Watoto, tarehe 1 Juni 1987, vijana waliovaa kofia za namna hiyo waligawa peremende katikati ya mji na wakapakiwa kwenye magari ya polisi mbele ya kadamnasi. Machi 1988, Siku ya Wanawake, Fydrych alikamatwa akigawa taulo za kike, bidhaa iliyokuwa adimu madukani, na ilipofika Juni mwaka huo maelfu ya watu walifurika mitaani wakiwa na kofia zilezile. Askari anayelazimika kuandika katika taarifa yake kwamba amevunja mkusanyiko haramu wa vijitu vya hadithi amekwisha kuchekesha kituo kizima kabla msanii hajafungua kinywa.

Belarus ilionyesha mwaka 2011 jinsi dola inavyoweza kujinasa zaidi kadiri inavyojitahidi kujinasua. Wakosoaji wa Rais Alexander Lukashenko walikubaliana kukutana mitaani bila mabango na kupiga makofi tu, yaani kufanya kilekile ambacho raia mwema hutakiwa kufanya mbele ya rais. Polisi waliwakamata waliopiga makofi, na miongoni mwao akawamo mtu mwenye mkono mmoja, kisa kilichowapatia Lukashenko na polisi wake tuzo ya dhihaka ya Ig Nobel ya amani mwaka 2013. Katika kuziba mwanya huo, mamlaka zilirekebisha sheria ya mikusanyiko ili iguse hata watu waliokubaliana kukusanyika mahali wasifanye lolote. Utawala unapofika mahali pa kupiga marufuku kusimama kimya, umeeleza hofu yake kwa lugha ya kisheria kuliko ambavyo mpinzani yeyote angeieleza. Miaka miwili baadaye Erdem Gündüz, mcheza dansi wa Uturuki, alisimama kimya kwa saa kadhaa katika Uwanja wa Taksim mjini Istanbul, ambako waandamanaji walikuwa wameondolewa kwa nguvu, na mamia wakaja kusimama naye. Kosa lake lingeandikwaje?

Aliyeusukuma mtego huu hadi mwisho wake, na kwa gharama kubwa ya mwili, ni Mrusi Pyotr Pavlensky. Julai 2012 alisimama mbele ya Kanisa Kuu la Kazan mjini St. Petersburg akiwa ameshona midomo yake kwa uzi, kuwatetea wanawake wa kikundi cha muziki wa upinzani cha Pussy Riot waliokuwa mahabusu. Mei 2013 alilala uchi ndani ya lundo la seng'enge mbele ya bunge la mji huo, na polisi walilazimika kutafuta vifaa vya kukatia waya ili kumtoa. Novemba mwaka huohuo, Siku ya Polisi, alikaa uchi katika Uwanja Mwekundu wa Moscow na kupigilia msumari ngozi ya sehemu zake za siri kwenye mawe ya uwanja, kitendo alichokieleza kuwa taswira ya jamii iliyokubali kukaa bila kujali wala kusogea. Ni vitendo ambavyo wengi hawawezi kuvitazama, na sidhani kwamba anayegeuza uso anakosea. Lakini wazo lililo nyuma yake ni rahisi kufuata: dola inapotisha kuuumiza mwili wa mpinzani, mpinzani anauumiza mwenyewe kabla, na askari aliyetumwa kumdhibiti anajikuta akihangaika kumfungua, kumfunika shuka na kumwitia gari la wagonjwa.

Baada ya kushona midomo, Pavlensky alipelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, naye akamwona ana akili timamu na kumwachia. Jambo hilo si dogo katika nchi ambayo, enzi za Sovieti, wapinzani walitangazwa wagonjwa na kufungiwa hospitalini, hasa kupitia Taasisi ya Serbsky ya Moscow. Oktoba 2014 alipanda juu ya ukuta wa taasisi hiyohiyo na kujikata ndewe ya sikio. Kati ya matukio yake yote, hata hivyo, lililonivutia zaidi halikuwa na kisu wala msumari. Baada ya yeye na wenzake kuchoma matairi kwenye daraja la St. Petersburg mwezi Februari 2014 wakiunga mkono vuguvugu la maandamano la Maidan la Ukraine, alihojiwa mara tatu na mpelelezi Pavel Yasman, naye akayarekodi mahojiano kwa siri. Maandishi yaliyochapishwa baadaye yanasomeka kama tamthilia: mpelelezi anatafuta kosa la jinai, mtuhumiwa anamvuta kwenye mjadala wa sanaa ni nini na mtumishi wa serikali anapaswa kutii hadi wapi, na taratibu haieleweki tena nani anamhoji nani. Yasman aliacha kazi ya upelelezi na kuhamia upande wa uwakili. Hapo ndipo inapoonekana kwamba mtazamaji aliyekusudiwa na sanaa hii mara nyingi ni yule aliyevaa sare.

Watazamaji wengine hufika kwa njia ya kamera, nalo hili ni fundo linalohitaji kufunguliwa kwa uangalifu. Pussy Riot walipoingia kuimba katika Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow tarehe 21 Februari 2012, walinzi waliwaondoa upesi, na waumini waliokuwamo hawakupata nafasi ya kuelewa kinachoimbwa. Kazi iliyotikisa dunia ni video iliyohaririwa na kusambazwa baadaye. Wanawake watatu walihukumiwa Agosti mwaka huo kifungo cha miaka miwili kwa uhuni uliochochewa na chuki ya kidini, ingawa mmoja wao aliachiwa kwa kifungo cha nje baada ya rufaa. Mcuba Tania Bruguera alilifahamu vyema suala la kumbukumbu. Katika maonyesho ya Havana ya mwaka 2009 aliweka kipaza sauti na kumruhusu yeyote aseme atakalo kwa dakika moja, huku watu wawili waliovaa sare za kijeshi wakimwekea msemaji njiwa mweupe begani, kama yule aliyetua begani kwa Fidel Castro wakati wa hotuba ya mwaka 1959. Kwa watazamaji aligawa kamera 200 za kutumika mara moja, ili ushahidi usibaki mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kunyang'anywa. Alipotaka kurudia kitendo hicho katika Uwanja wa Mapinduzi tarehe 30 Desemba 2014, alikamatwa kabla ya kufika na pasipoti yake ikachukuliwa. Kipaza sauti hakikuwekwa, lakini kila aliyefuatilia habari alijua ni dakika ngapi za uhuru ambazo serikali haikuweza kuzivumilia.

Wapo wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba hesabu hii inamfaidi zaidi mtazamaji wa mbali kuliko jirani wa msanii. Picha ya mwili uchi katika Uwanja Mwekundu huzunguka majumba ya sanaa ya Ulaya, wakati vyombo vya habari vya serikali humweleza raia wa kawaida kwamba huyo ni kichaa, mhuni au kibaraka wa mabeberu, na raia huyo, ambaye hajawahi kuona sanaa ya aina hiyo, huamini. Mfumo wenyewe nao waweza kumeza tusi na kulitolea cheti. Mwaka 2010 kikundi cha wasanii cha Voina kilichora uume mkubwa kwenye daraja la kufunguka la St. Petersburg, hivyo daraja lilipoinuka mchoro ukasimama kuielekea ofisi ya idara ya usalama, FSB. Mwaka uliofuata kazi hiyo ikapewa tuzo ya sanaa ya kisasa iliyosimamiwa na taasisi ya serikali. Kasoro ya tatu kwangu ndiyo nzito zaidi: kitendo kinachomtegemea shujaa mmoja mwenye uvumilivu usio wa kawaida huwaacha wengine wakimshangaa, na kushangaa ni namna mojawapo ya kukaa pembeni.

Kwa sababu hiyo naiweka Chile mbele ya Urusi. Miaka sita baada ya Jenerali Augusto Pinochet kuipindua serikali ya Salvador Allende, wasanii na waandishi watano, miongoni mwao Lotty Rosenfeld, Diamela Eltit na Raúl Zurita, waliunda kikundi kilichoitwa CADA. Oktoba 1979 waligawa mifuko 100 ya maziwa ya nusu lita katika mtaa wa kimaskini wa Santiago. Asiyejua angeona hisani tu, lakini mwenyeji alikumbuka mara moja kwamba nusu lita ya maziwa kwa kila mtoto ilikuwa ahadi ya Allende. Desemba mwaka huo Rosenfeld alitumia kitambaa cheupe kukatisha mistari ya katikati ya barabara, mmoja baada ya mwingine, hadi mwendo wa maili nzima ukajaa misalaba, au alama za kujumlisha, kutegemea anayetazama alikuwa ameomboleza nani. Julai 1981 kikundi kilitumia ndege ndogo kudondosha vipeperushi 400,000 juu ya Santiago, mji ambao miaka minane kabla ulidondoshewa mabomu na ndege za jeshi kwenye ikulu yake.

Kisha, kuanzia mwaka 1983, wakaandika kwenye kuta za mji usiku alama mbili tu: "No +", ambayo Mchile huisoma "No más", yaani "basi, isiwe tena", na nafasi iliyofuata wakaiacha tupu. Watu wasiojulikana walikuja kuijaza kwa maneno yao: udikteta, hofu, mateso, vifo. Haikuhitaji ujasiri wa kujipigilia msumari. Ilihitaji kipande cha chaki na nusu dakika gizani, na polisi aliyefuta ukutani alijikuta akibakiza nafasi tupu nyingine. Alama hiyo ilibebwa katika maandamano miaka yote iliyofuata, hadi kura ya maoni ya Oktoba 1988, ambapo asilimia 56 hivi ya wapiga kura walimkataa Pinochet. Ingekuwa porojo kudai kwamba wasanii ndio waliomwangusha: vyama, uandikishaji wa wapiga kura na uchumi vilifanya kazi kubwa zaidi. Walichofanya ni kuwapa watu sentensi ambayo kila mmoja angeweza kuimalizia.

Argentina ilipata kitu cha jamaa yake. Akina mama wa Plaza de Mayo, ambao watoto wao walikuwa wametoweshwa na jeshi, hawakuwa wasanii wala hawakujiita hivyo. Walianza kukutana mbele ya ikulu ya Buenos Aires Aprili 1977, na polisi walipowaambia kwamba hairuhusiwi kusimama kwa makundi na hivyo watembee, walitembea, wakiuzunguka mnara wa uwanja kila wiki wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani. Amri ya kuwatawanya iligeuka kuwa mwendo wao. Tarehe 21 Septemba 1983, jeshi likiwa bado madarakani, wasanii watatu walifika kwao na wazo la kuchora vivuli vya watu wenye kimo halisi. Waandamanaji walilala juu ya karatasi, wakachorwa kufuata mwili, na vivuli vikabandikwa kwenye kuta za mji. Aliyelala pale alikuwa ameazima mwili wake kwa mtu asiyekuwapo, na asubuhi wakazi wa Buenos Aires walipita mbele ya umati usioweza kutawanywa kwa virungu.

Mtego nilioueleza hufanya kazi pale tu dola inapojali bado kuonekana ya haki, na dola hujifunza. Cuba ilitoa mwaka 2018 Amri ya 349, inayomtaka msanii awe na idhini ya taasisi ya serikali kabla ya kufanya kazi hadharani, na hivyo kosa likapata jina: si tena lazima kueleza kwa nini njiwa begani ni hatari, inatosha kuuliza kibali kiko wapi. Luis Manuel Otero Alcántara, aliyeipinga amri hiyo na ambaye mwaka 2019 alivaa bendera ya taifa mwilini siku baada ya siku, alikamatwa tarehe 11 Julai 2021 na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka mitano, mashtaka yakiwamo kudhalilisha alama za taifa. Urusi nayo iliacha kuona haya baada ya kuivamia Ukraine. Sasha Skochilenko, msanii wa St. Petersburg, alibadilisha vibandiko vitano vya bei katika duka kubwa na kuweka vyenye habari za vita; Novemba 2023 alihukumiwa miaka saba, na akatoka Agosti 2024 kwa kubadilishana wafungwa. Hakimu aliyesoma hukumu ile hakuonyesha kujali kama dunia ingecheka.

Lipo jaribio moja, lisilopangwa na mtafiti yeyote, linaloonyesha ni kiasi gani kitendo kilekile hutegemea kinachokizunguka. Novemba 2015 Pavlensky alimwaga petroli kwenye mlango wa makao makuu ya FSB mjini Moscow, akauwasha moto, akasimama mbele yake na dumu mkononi akisubiri kukamatwa. Oktoba 2017, akiwa amepewa hifadhi Ufaransa, aliwasha moto kwenye jengo la Benki Kuu ya nchi hiyo katika uwanja wa Bastille mjini Paris, akidai kwamba wenye benki wameshika nafasi ya wafalme. Moscow, baada ya miezi saba mahabusu, alihukumiwa faini na kuachiwa. Paris alihukumiwa miaka mitatu, miwili kati yake ikiwa ya kifungo cha nje, na muda aliokaa mahabusu ukatosha asirudishwe gerezani. Kwa kuhesabu miaka, hakimu wa Paris alikuwa mkali zaidi. Lakini mahakama ya Paris ilishughulikia jengo lililochomwa, wakati mahakama ya Moscow ilimtia hatiani kwa kuharibu mali ya urithi wa utamaduni, na ili kufika huko ilibidi kwanza jengo ambalo ndani yake polisi wa siri waliwatesa watu enzi za Stalin litajwe kortini kuwa hazina ya taifa.